Yowe na Mwenye Kuitika

Katika vijiji vya Usukuma, mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukipigwa usiku watu hawabaki kitandani wakijiuliza kama unawahusu. Sauti ikitoka kaya ya mashariki, jirani anaipokea na kuisukuma mbele, huku mwenyewe ameshashika rungu na yuko njiani. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, walipoibuka Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupambana na wezi wa ng'ombe, walijenga juu ya desturi hiyo iliyokuwapo. Waliongeza filimbi na utaratibu wa uongozi. Kulipokucha, hesabu ilifanyika. Aliyesikia na asitoke alitakiwa kujieleza, na maelezo yake yasipotosha alitozwa faini. Akizidi ukaidi alitengwa, na kutengwa kijijini ni adhabu nzito kuliko fedha. Aliyepiga mwano wa uongo naye alikuwa na kesi yake.

Sitaki kuupamba mwano. Umati unaokusanyika kwa sauti moja umewahi kuua wasio na hatia, na mkoa huohuo wa Shinyanga una historia chungu ya vikongwe waliouawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Lakini ukiutazama kama chombo cha dharura, unaona umeundwa kwa sehemu mbili zilizoshikamana: sauti inayofika mbali, na wajibu unaomfunga kila aliyeisikia. Sauti bila wajibu ingekuwa kelele. Wajibu bila sauti usingejua uende wapi.

Nikisoma habari za teknolojia ya maafa siku hizi, karibu zote zinahusu sehemu ya kwanza. Setilaiti inaliona wingu kabla halijafika pwani. Kihisio mtoni kinatuma vipimo vya kina cha maji. Droni inapiga picha za paa moja moja, na simu ya mkononi inaweza kueleza ilipo. Masikio yetu yamerefuka kuliko walivyoweza kuota waliopuliza filimbi za Kahama. Sehemu ya pili haitajwi sana, labda kwa sababu haiuziki.

Tarehe 26 Desemba 2004, chini ya bahari karibu na Sumatra, ardhi ilitikisika kwa nguvu iliyokadiriwa baadaye kuwa 9.1. Hawaii kulikuwa na kituo cha kutoa tahadhari za tsunami kwa nchi za bahari ya Pasifiki. Mashine zake zililisikia tetemeko hilo, na katika muda wa robo saa wataalamu walikuwa wametoa taarifa yao ya kwanza: Pasifiki haiko hatarini. Kwa upande wa Pasifiki, walisema kweli. Walipoanza kutambua ukubwa halisi wa jambo na kuwafikiria watu wa Bahari ya Hindi, walikuta hawana orodha ya kupigia. Hapakuwa na mtu aliyeteuliwa, katika nchi nyingi za bahari hii, kuamshwa na kuambiwa maji yanakuja. Mawimbi yalichukua kama saa mbili kufika Sri Lanka na kama saa saba kufika Somalia. Saa saba ni muda ambao basi linatoka Dar es Salaam likapita Morogoro na kuingia Dodoma. Somalia ilipoteza watu karibu 300, wengi wao huko Hafun, na Tanzania ilipoteza wapatao 10. Kenya alikufa mmoja, kwa kuwa habari za Asia zilikuwa zimeshaonekana kwenye televisheni na polisi wakawahi kuwatoa watu ufukweni Mombasa. Jumla ya waliokufa katika bahari nzima ilifika karibu 230,000.

Mashine haikushindwa siku ile. Ilichokosa ni namba ya simu, na nyuma ya namba hiyo mtu mwenye mamlaka ya kumwambia mkuu wa polisi wa pwani: ondoa watu.

Kuna upande wa pili wa kisa hiki ambao siuchoki. Kisiwa cha Simeulue, pembeni mwa Sumatra, kilikuwa karibu kabisa na chimbuko la tetemeko, na wimbi la kwanza lilifika ndani ya dakika chache tu. Hakuna kituo duniani ambacho kingewahi kuwaonya. Lakini mwaka 1907 kisiwa hicho kilipigwa na tsunami nyingine, na wazee walioponea waliwasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, msingoje, kimbieni milimani. Jina la jambo hilo, smong, lilibaki katika hadithi na nyimbo za kubembelezea watoto. Mwaka 2004, kati ya wakazi zaidi ya 70,000, walikufa saba. Wako wanaotumia mfano huu kudai kwamba mila inashinda mashine. Mimi sioni hivyo. Bibi wa Simeulue hakuweza kuuonya mji wa Galle huko Sri Lanka. Ninachokiona ni kwamba kisiwani kila mtu alijua afanye nini baada ya kusikia, na hakuna aliyehitaji ruhusa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika hadithi hii ya masikio marefu, na ni sehemu ya kujivunia. Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh aliuliza hadharani kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Ndani ya siku chache akina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa wameijenga. Waliiita Ushahidi. Mwananchi alituma ujumbe mfupi wa simu au akaandika mtandaoni, na alama ikatokea kwenye ramani: hapa nyumba zimechomwa, hapa barabara imefungwa. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zile, na ramani iliyakusanya mambo ambayo vyombo vingi vya habari havikuyatangaza.

Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko liliibomoa Port-au-Prince, na jina hilo la Kiswahili likasafiri hadi Haiti. Namba ya bure, 4636, ilitangazwa redioni. Wahaiti waliokwama au waliokosa maji waliandika kwa Kikreyoli. Wahaiti wenzao waliotawanyika duniani walitafsiri usiku na mchana. Wanafunzi wa chuo karibu na Boston walizitafuta anwani, nyingine zikiwa ni "nyuma ya kanisa, karibu na duka la fulani", na kuzibandika kwenye ramani. Baadhi ya ujumbe ulifika kwa walinzi wa pwani na wanajeshi wa Marekani, na kuna watu waliofikiwa kwa njia hiyo. Ni kazi iliyofanywa kwa moyo mweupe. Hata hivyo, tathmini iliyofuata ilikiri jambo gumu: mashirika mengi makubwa ya misaada hayakuwa yamejipanga kupokea ombi la mtu mmoja mmoja. Utaratibu wao ulikuwa wa magunia kwa kata, mahema kwa kambi. Mtu aliyeandika kwamba ana watoto watatu na hawajanywa maji alionekana kwenye ramani iliyosomwa nchi kadhaa, na kati ya wote waliomsoma hapakuwa na aliyefungwa na wajibu wa kumpelekea ndoo.

Hapo ndipo swali la maadili linaponikera. Kumwambia mtu "tuma ujumbe hapa" ni kumwahidi. Mwenye simu yenye chaji inayokwisha anapotumia asilimia yake ya mwisho kukuandikia, hakutumii takwimu ili ramani yako ijae, anakuita. Namba ya dharura iliyotangazwa na isiyokuwa na mtu nyuma yake ni mbaya kuliko kukosa namba kabisa, kwa sababu asiye na namba angemwita jirani.

Na jirani mwenyewe tumeanza kumpoteza. Ajali ikitokea barabarani leo, simu kumi zinanyanyuliwa juu kabla mkono mmoja haujashika mlango wa gari. Picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake inashuka mikono iliyokunjwa ya kuomba dua, mmoja baada ya mwingine, "poleni sana", "Mungu awatie nguvu", hadi kidole kinachoka kuviringisha. Sidhani kwamba watu hawa wana roho mbaya. Wanaamini wameshaitika. Zamani miguu ilikuwa ndiyo jibu pekee lililowezekana. Sasa kuna jibu lisilotoka jasho. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania, kwa upande wake, limelalamika mara nyingi kuhusu simu za mzaha kwenye namba 114, na hao wapiga mwano wa uongo si rahisi kuwakalisha mbele ya baraza la kijiji.

Basi nirudi Usukuma, kwa sababu jambo linalonipa moyo zaidi katika habari hizi zote lilianzia katika nchi hiyohiyo ya mwano: Sengerema na Shinyanga. Ni mfumo wa m-mama. Ukiuangalia kwa macho ya mtu anayependa vifaa, utasikitika. Hauna droni wala setilaiti. Kuna namba ya bure, 115, kuna mtu anayepokea, na kuna orodha.

Unafanya kazi hivi. Mama mjamzito kijijini anatokwa na damu, au uchungu umemshika kabla ya siku zake, au zahanati imeona shinikizo la damu limepanda na inahofia kifafa cha mimba. Yeye, mumewe, mama mkwe au mhudumu wa afya anapiga 115. Anayepokea ni mtu aliyefundishwa kuuliza maswali kwa mpangilio, na majibu yanamsaidia kuamua kama hii ni dharura na mgonjwa apelekwe wapi. Gari la wagonjwa likiwepo karibu, linatumwa. Lisipokuwepo, na maeneo mengi ya vijijini halipo, mpokea simu anafungua orodha ya madereva wa kawaida wa eneo lile: mwenye teksi, mwenye Noah, mtu yeyote mwenye gari aliyekwisha kuhakikiwa na kukubaliana nauli mapema. Anampigia. Dereva anakwenda, anambeba mama, anamfikisha, kituo cha afya kinathibitisha kwamba amefika, na malipo yanaingia kwenye simu yake kwa M-Pesa. Mama hatoi shilingi. Mfumo huu uliongozwa na Vodafone Foundation pamoja na serikali ya Tanzania, ulijaribiwa Kanda ya Ziwa katika muongo uliopita, na mwaka 2022 ukazinduliwa rasmi kwa nchi nzima. Lesotho nao waliuchukua.

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumza juu ya kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kijijini ile ya kwanza na ya pili ni ndugu wa tumbo moja. Familia inachelewa kuamua kwa sababu inajua hakuna usafiri, na usafiri ukipatikana saa nane usiku dereva atataja bei ya kuuza ng'ombe. Mume anatoka kwenda kukopa. Shangazi anasema tungoje kuche. Mtu wa mjini akisikia hadithi hiyo anaulaumu ujinga, lakini ujinga hauko hapo. Ni hesabu ya watu maskini, nayo ni sahihi kabisa. Mfumo uliogusa hesabu hiyo uligusa uamuzi wenyewe.

Ndiyo maana naupenda ule mpango wa malipo kuliko sehemu nyingine yoyote, ingawa ndio unaoonekana wa kibiashara. Kuna watu wanaohuzunika kwamba siku hizi hata kumsaidia mzazi ni lazima mtu alipwe. Ni huzuni ya heshima, lakini dereva naye anaamka usiku, anachoma mafuta, kesho gari ni chafu na watoto wake wanahitaji kula. Jamii ya mwano iliweza kudai miguu ya kila mtu kwa sababu miguu haikununuliwa sheli. Kumlipa dereva ni kukubali kwamba wajibu una gharama na kwamba gharama hiyo isibebwe na mwenye huruma peke yake. Akishakubali kuandikwa kwenye orodha, hawezi kusema hakusikia. Simu ilikuja kwake kwa jina.

Takwimu za kitaifa zinasema vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Kushuka huko kuna baba wengi: vituo vya afya vilivyojengwa, vyumba vya upasuaji, wakunga walioajiriwa. Haitakuwa haki kuuvika mfumo mmoja taji lote, tena ambao mikoa mingi iliupata mwishoni mwa kipindi hicho au baada yake. Na maeneo yasiyo na mnara wa simu bado yapo, kama zilivyo nyumba ambazo simu moja ya familia inatembea na mume. Gari linaweza kufika kituoni na damu ya kuongezewa isiwepo.

Tahadhari za hali ya hewa nazo zina hesabu yake. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea pwani, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Kimbunga kilifika maeneo ya Mafia tarehe 4 kikiwa kinapungua nguvu. Kesho yake vijiweni Dar kulikuwa na kicheko: kiko wapi hicho kimbunga chenu? Aliyecheka hakuwa Kilwa, ambako mvua ilikata barabara ya kusini pale Somanga na kuwatenga watu wa Lindi na Mtwara na Dar es Salaam. Utabiri ulifanya kazi yake kwa heshima kubwa. Lakini namfikiria mvuvi wa Mafia aliyetii. Siku alizokaa nchi kavu hakuna aliyemlipa, na deni la mafuta ya mashine lilikuwa palepale. Tahadhari ijayo, akiambiwa tena asitoke, atapima kati ya wimbi ambalo huenda lisije na njaa ambayo hakika itakuja. Tukimwita mbishi tutakuwa tumemwonea.

Bonde la Msimbazi linafundisha hayohayo kwa ukali zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na mwaka uliofuata baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe, wakapita mitaani na simu na droni, wakachora mifereji, vichochoro na nyumba katika kata ambazo ramani za serikali ziliziacha kama doa tupu. Walimwuliza mkazi: maji ya mwaka ule yalifika wapi? Naye akaonyesha alama ukutani kwa kiganja, kifuani au shingoni. Ni elimu ambayo hakuna setilaiti ingeitoa. Lakini mwezi Desemba 2015, alama nyekundu za X zilichorwa kwenye nyumba za bondeni na matingatinga yakaingia. Mambo haya mawili yalitoka kwa watu tofauti na kwa nia tofauti. Mama wa Jangwani, humo bondeni, aliyesikia mlio wa droni juu ya bati lake alijuaje tofauti hiyo? Kutoa habari zako kwa mwenye ramani ni kumpa siri, na mwenye siri hupimwa kwa anachokuja kufanya nayo mvua isiponyesha. Kisha watu wanashangaa kwa nini wakazi hawahami wakipelekewa ujumbe wa simu. Wanajua maji yanakuja. Wameyajua kabla ya setilaiti. Wanajua pia kwamba godoro likiachwa usiku mmoja halikutwi.

Kwa hiyo nikiona picha ya uzinduzi wa mtambo mpya wa maafa, utepe umekatwa na viongozi wamesimama mbele ya skrini kubwa, swali langu ni la kiutawala zaidi kuliko la kiufundi. Taa ikiwaka nyekundu saa nane usiku, ni nani anaamka? Ana mafuta? Ana ruhusa ya kutoa amri bila kumtafuta bosi wake ambaye simu yake imezimwa? Kesho yake, asipokuwa ameamka, nani atamhesabu kama kijiji kilivyohesabu?

Chukua mfano mmoja: tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa, 24 waliokoka. Ilionekana kutoka nchi kavu. Hapakuhitajika kihisio chochote kuitambua. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao, na mmoja wao, kijana, alitumia kasia kuvunja mlango wa nyuma. Taifa lilimpa kijana huyo sifa na ajira katika Zimamoto, jambo jema. Wenzake walirudi kwenye nyavu. Uwanja wa ndege unaopakana na ziwa una majirani ambao kwa mazoea ya kazi yao wako majini alfajiri, wanajua upepo, na wana vyombo vinavyoelea. Kinachotakiwa ni daftari, au seva kama mtu anaona daftari ni aibu: majina ya wenye mitumbwi ya kila mwalo ulio karibu, namba zao mbili mbili, jaketi za kuokolea zilizokwisha gawiwa, zoezi la pamoja na askari wa majini mara mbili kwa mwaka, na fungu la kuwarudishia mafuta na kutwa waliyoipoteza, linaloingia kwenye simu siku hiyohiyo kabla jua halijatua.